Utando Unaopenda Maji

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza, hamjambo.

Nina jani mkononi. Nimelichuma nje ya ukumbi huu dakika chache zilizopita. Mlioketi mbele mtaona vizuri, walio nyuma naomba mniamini. Nadondosha tone la maji juu yake. Tone limejikunja likawa kama ushanga, likateleza, likaanguka, na jani limebaki kavu. Sasa nalichana jani lenyewe, halafu tone la pili naliweka pale palipochanika. Hilo halikuteleza. Limetanda na kuzama.

Jani ni moja na maji ni yale yale. Kilichotofautiana ni kitu ambacho hakuna aliyekiona: ngozi ya nje ya jani, utando wa nta na kutini, polima yenye asili ya mafuta, ambao katika mimea mingi unene wake ni kati ya sehemu moja ya kumi ya maikromita na maikromita 10. Maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani mwangu una maikromita 50 mpaka 100 hivi. Kwa hiyo ngozi hii ni nyembamba kuliko unywele mara kumi, mara mia, wakati mwingine mara elfu, na mimea ya nchi kavu imeishi kwa hisani yake kwa zaidi ya miaka milioni 400. Bila huo utando jani hili lingekuwa limenyauka kabla sijamaliza salamu.

Leo nataka tuzungumze juu ya tando nyembamba zinazotengenezwa kwa polima za mimea: selulosi, wanga, lignini inayokaza mbao, na jamaa zao. Na tangu sasa niseme wazi ninachokiamini baada ya miaka mingi ya kuzishika. Tumezionea tando hizi. Tunazipima kwa mizani ya plastiki, tunazikuta zina kiu ya maji, tunazitangaza kuwa dhaifu. Kiu hiyo si ugonjwa. Ndiyo tabia yake, na kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa na utando wa selulosi ilifanyika kwa sababu ya kiu hiyo hiyo.

Tuanze na umbile lake. Polima ni mnyororo mrefu wa vipande vinavyojirudia. Mwaka 1838 mkemia Mfaransa Anselme Payen alichambua mbao na mimea mingine akakuta ndani yake kitu kile kile kila mara, kikapewa jina la selulosi. Leo tunajua kwamba hakuna polima ya viumbe iliyo nyingi kuliko hiyo duniani. Kipande chake kinachojirudia ni glukosi, sukari. Wanga nao ni glukosi. Mtauliza: inakuwaje basi mti usimame miaka mia ilhali wanga unavimba na kulainika ndani ya maji ya moto? Jibu liko kwenye kiungo. Katika selulosi kila glukosi imegeuzwa kichwa chini kulinganisha na jirani yake, hivyo mnyororo unanyooka kama uzi uliovutwa, na nyuzi zikilala sambamba zinashikana kwa vifungo vya hidrojeni toka mwanzo hadi mwisho. Katika wanga kiungo kimepinda, mnyororo unajiviringa kama kamba, na sehemu kubwa yake ina matawi. Matawi hayo hayapangiki vizuri. Ndiyo maana wanga wenye minyororo mingi iliyonyooka hutoa utando imara kuliko wanga wenye matawi mengi, na ndiyo maana utando wa wanga peke yake ukikauka hupasuka, mpaka uchanganywe na kitu cha kuulainisha kama gliserini. Wanga nitauacha hapo. Si kwamba haufai, ila moyo wangu uko kwenye selulosi, na saa ni moja tu.

Kila glukosi ndani ya mnyororo wa selulosi ina mikono mitatu ya oksijeni na hidrojeni, na mikono hiyo inashika. Isipopata jirani wa kushika, inashika maji. Siri yote iko hapo, wala hamhitaji kujua kemia zaidi ya hiyo ili mnifuate.

Sasa, mtu anawezaje kutengeneza utando ambao hauonekani kwa macho, na zaidi ya hapo ajue kwamba upo? Sayansi hii ilianzia mahali ambapo wengi hawangeitafuta: jikoni, kwenye beseni la kuoshea vyombo. Huko Ujerumani, katika mji wa Braunschweig, aliishi binti aliyeitwa Agnes Pockels. Vyuo vikuu vya wakati wake havikupokea wanawake. Alikaa nyumbani akiwahudumia wazazi wagonjwa, na kila siku aliyatazama maji yenye mafuta na sabuni. Akaona kwamba uso wa maji una tabia yake, na kwamba uchafu kidogo mno huibadilisha. Akajitengenezea chombo cha bati chenye kipande cha kusogeza juu ya maji, akawa anaubana utando wa mafuta taratibu na kupima nguvu yake. Alifanya hivyo kwa miaka kama kumi bila mtu kujua. Mwaka 1891 aliandika barua kwa Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza, naye akaipeleka ichapishwe katika jarida la Nature. Mkemia Mmarekani Irving Langmuir alijenga juu ya msingi huo, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1932. Mwenzake Katharine Blodgett akaonyesha jinsi ya kuuhamisha utando wa unene wa molekuli moja kutoka juu ya maji hadi kwenye kioo, tabaka juu ya tabaka, kwa kukichovya na kukitoa.

Nimekaa kidogo kwa Agnes Pockels kwa makusudi. Wapo wanafunzi humu ambao vyuo vyao havina vifaa. Beseni mnalo.

Selulosi ilileta ugumu wake. Mafuta hutanda juu ya maji yenyewe, lakini selulosi haiyeyuki katika maji wala katika viyeyusho vya kawaida, kwa sababu ile mikono inashikana mno. Wakemia wakatumia hila ambayo mpaka leo naiona nzuri sana. Unaifunika mikono hiyo kwa vikundi vidogo vya silikoni na kaboni, kama kumvisha mtu glavu. Selulosi iliyovaa glavu haishikani na mwenziwe, haishiki maji, na inayeyuka kwa urahisi. Unaidondosha juu ya kipande cha silikoni kinachong'aa kama kioo, unakizungusha mara elfu tatu au nne kwa dakika, kiyeyusho kinaruka na kuvukiza, unabaki na utando sawasawa kila upande. Kisha unauweka ndani ya mvuke wa asidi ya hidrokloriki kwa dakika chache tu. Glavu zinavuka. Mikono inarudi, inashikana, na mbele yako kuna utando wa selulosi tupu wenye unene wa nanomita makumi machache. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Mara ya kwanza nilipoutengeneza nilidhani nimeharibu. Kipande kilikuwa na rangi ya kibuluu hafifu, na kingine chochote sikukiona. Nikainama kukitazama kwa karibu, na pumzi yangu ikakigusa. Rangi ikageuka mbele ya macho yangu, kisha polepole ikarudi ilivyokuwa. Nikapumua tena, ikageuka tena. Nilikuwa peke yangu maabara, usiku, na nadhani nilikipumulia kile kipande kwa robo saa nzima.

Kilichotokea ni hiki. Rangi ile haikuwa rangi ya dawa. Mwanga unaogonga uso wa juu wa utando na ule unaogonga silikoni iliyo chini hurudi pamoja, na kutegemea unene wa utando, mawimbi mengine hutiana nguvu na mengine huuana. Ni jambo lile lile linaloipaka povu la sabuni rangi. Pumzi ina unyevu, selulosi ikaunywa, utando ukavimba kwa nanomita chache, rangi ikahama. Ukikauka unasinyaa. Utando ulikuwa ukinionyesha kiu yake kwa macho, nami nilikuwa sijauliza swali lolote.

Tando kama hizi zinatusaidia nini? Jambo la kwanza, zinatuwezesha kuona kazi ambazo katika kipande cha ubao zisingeonekana. Nitatoa mfano mmoja. Katika Vita Kuu ya Pili, mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani katika visiwa vya Solomon zilikuwa zikioza upesi kupita kiasi. Mlaji alikuwa kuvu, ambaye baadaye aliitwa Trichoderma reesei, na vimeng'enya vyake vya kumeng'enya selulosi vinatumika viwandani hadi leo. Lakini vinalaje? Ukichukua kipande cha kwatzi, aina ya fuwele, kinachotetemeka mara milioni tano kwa sekunde, ukakitandika utando wa selulosi, mtetemo wake unapungua kasi kitu kinapokiongezea uzito, hata uzito wa nanogramu chache kwa sentimita ya mraba. Unapitisha maji yenye vimeng'enya. Kwanza kasi inapungua: vimefika, vimetua. Halafu inaanza kupanda, na inapanda, na inapita pale ilipoanzia: selulosi inaliwa na kuondoka na maji. Unakaa kitini unaona mlo mzima kwenye mstari mmoja. Kwenye mti mlo kama huo ungechukua misimu.

Lakini najua wengi mmekuja kwa sababu ya vifungashio. Tuje huko, na tupitie kwenye historia, kwa sababu hili jaribio ulimwengu ulishalifanya.

Mwaka 1900 mkemia Mswisi Jacques Brandenberger alikuwa mkahawani, mvinyo ukamwagika juu ya kitambaa cha meza. Akataka kutengeneza kitambaa kisichonywa. Akakipaka viskosi, yaani selulosi iliyoyeyushwa kwa njia iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1892. Kitambaa kikawa kigumu, hakikufaa kitu. Ila ule mpako ulibanduka wote, ukawa karatasi angavu unayoweza kuona upande wa pili. Akaacha kitambaa akafuata utando. Mwaka 1908 alikuwa na mashine ya kuutengeneza, na bidhaa ikaitwa selofani.

Selofani ilipendeza, ilizuia vumbi, mafuta na bakteria. Unyevu haikuuzuia. Kilichofungwa kikavu kililowa na kilichofungwa kibichi kilikauka. Mwaka 1927 huko Marekani, William Hale Charch wa kampuni ya DuPont alipata dawa yake: tabaka jembamba mno la vanishi lenye nta. Tazameni tena jani langu. Selulosi ndani, nta nje. Wanadamu walihangaika miaka ishirini kufika mahali ambapo jani limesimama tangu kale, na hilo halinichekeshi. Linanifanya niliheshimu jani.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu mtu anayewauzia selulosi kama malaika anawadanganya. Viskosi hutengenezwa kwa kaboni disulfidi, na mvuke wa kemikali hiyo uliharibu mishipa ya fahamu na akili za wafanyakazi wa viwanda vya zamani. Utando ulitoka kwenye mti, ukapita juu ya miili ya watu. Tena kuzaliwa na mmea si hakikisho la kuoza. Ukiibadilisha selulosi kwa kuifunga vikundi vingi vya asetati, vile vimeng'enya nilivyovitaja haviitambui tena kwa urahisi, na kadiri vikundi vinavyoongezeka ndivyo inavyochelewa kuoza. Mtu akikuonyesha kifungashio akakwambia kimetoka kwenye mmea, muulize maswali mawili: kimefanywa nini njiani, na kimepakwa nini juu?

Miaka hii tuna njia nyingine. Badala ya kuiyeyusha selulosi, tunazitoa nyuzi zake ndogo kabisa zikiwa nzima. Rojo la mbao linasukumwa kwa nguvu kupitia tundu jembamba mpaka nyuzi ziachane, au linachemshwa kwa asidi ya sulfuriki mpaka sehemu laini ziliwe na zile ngumu zibaki, vijiti vya fuwele vyenye upana wa nanomita chache na urefu wa mia moja au mia mbili. Zikauke pamoja, zitajisuka upya zikawa utando angavu, na ukiwa mkavu unaizuia oksijeni vizuri kiasi cha kushindana na plastiki bora zilizobuniwa kwa kazi hiyo. Nimesema ukiwa mkavu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 70 hivi, nyuzi zinavimba, nafasi zinafunguka, na oksijeni inapita.

Hapo ndipo watu wengi wanapovunjika moyo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Maabara nyingi zimetumia nguvu kubwa kuibadilisha selulosi yenyewe hadi iyachukie maji, kwa kuibebesha kemikali juu ya kemikali. Mwishowe unapata kitu kisicho plastiki kamili wala selulosi kamili, na pengine hakiozi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ukichagua selulosi umechagua na kiu yake. Iache iwe selulosi, uipe mwenzi. Jani halikuibadilisha selulosi yake. Liliipa kutini na nta, kila tabaka likashika kazi yake, hata matundu ya kupumulia yakaachwa mahali pake. Tabaka tunajua kuzipanga. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mwanasayansi Gero Decher alionyesha kwamba ukichovya kipande katika polima yenye chaji chanya, kisha yenye chaji hasi, kisha tena chanya, unajenga utando tabaka kwa tabaka, kwa maji tu, na unene unaoutaka. Vile vijiti vya fuwele hutoka kwenye asidi ya sulfuriki vikiwa na chaji hasi. Viko tayari.

Na chaji hiyo ina zawadi nyingine. Inavifanya visukumane ndani ya maji, na vikizidi idadi fulani vinajipanga vyenyewe: safu juu ya safu, kila safu imegeuka kidogo kuliko iliyo chini yake, kama ngazi ya kuzunguka. Maji yakikauka mpangilio unabaki, na utando unang'aa kijani, buluu, nyekundu, bila tone la rangi ya dawa. Kuna mmea wa misitu ya Afrika uitwao Pollia condensata ambao tunda lake dogo lina buluu kali kama chuma kilichosuguliwa. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba ndani ya ngozi ya tunda hilo hamna rangi ya buluu hata kidogo. Ni selulosi iliyopangwa kwa mzunguko huo huo. Tunda lililochumwa miaka ya 1970 na kuhifadhiwa kwenye mkusanyo wa mimea bado liling'aa, kwa kuwa rangi ya umbo haipauki maadamu umbo lipo.

Nilisema kazi kubwa kuliko zote ilifanywa na kiu. Nina deni la kuieleza.

Mwaka 1943 Uholanzi ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani. Katika mji wa Kampen alikuwepo daktari kijana, Willem Kolff, aliyekuwa amemwona mgonjwa akifa polepole kwa sababu figo zake zilishindwa kusafisha damu. Alichohitaji ni utando wenye tabia ya ajabu: uruhusu maji na taka ndogo kama urea zipite, uzuie seli za damu na protini zisipite. Utando huo ulikuwa ukiuzwa kwa wenye kutengeneza soseji. Ulikuwa selofani, imeviringwa kuwa mirija. Kolff alichukua kama mita 20 za mirija hiyo, akaizungushia kwenye pipa la mbao, pipa likazamishwa nusu ndani ya maji yenye chumvi, na damu ya mgonjwa ikapita ndani ya mirija pipa likizunguka. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Hakuacha. Mwaka 1945 aliletwa mama wa miaka 67 akiwa amezirai. Baada ya saa kadhaa za kuzungusha pipa, mama yule alifumbua macho akasema. Aliishi miaka kadhaa baadaye.

Utando uliomrudisha ni ule ule ulioonekana hauna maana kwa kuwa unalowa. Ungekuwa haulowi, urea isingepita. Ungekuwa umepakwa vanishi ya Charch, yule mama asingeamka. Nilipoisoma habari hii nikiwa mwanafunzi niliweka kitabu chini, kwa sababu siku ile ile asubuhi nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu la maabara, chini ya safu ya kasoro: "hunyonya maji".

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nitamtii. Nimekuja na vipande sita vya silikoni vyenye utando wa selulosi, viko kwenye sahani pale mezani. Visishikwe juu, shikeni pembeni, mafuta ya vidole hayatoki. Piteni kwa zamu, watoto watangulie. Inameni karibu, mfungue mdomo, mpumue taratibu kama mtu anayepasha mikono joto, na msiondoke mpaka mwone rangi inarudi.